Kiongozi "ana kichwa": tunapima nini hasa?

Mtu akikuambia mwanasiasa fulani "ana kichwa", muulize amejuaje. Aghalabu atakutajia hotuba au digrii. Sasa hotuba huenda imeandikwa na mwingine, na digrii inaeleza mtihani aliofaulu akiwa kijana, hata kabla hajaongoza mtu yeyote.

Kiswahili chenyewe hakichanganyi mambo haya. Akili ni wepesi wa kuelewa jambo na kuliunganisha na lingine. Ujanja ni kuona upenyo pale wenzako wanapoona ukuta. Busara ni kujua lini useme, lini ukubali nusu ya ulichokitaka. Mtu anaweza kujaliwa la kwanza tele akapungukiwa la mwisho kabisa, na kwenye siasa pengo hilo hugharimu.

Wengine hukimbilia namba, yaani IQ, alama anayopewa mtu baada ya jaribio la kupima akili. Jaribio mama la aina hii lilitengenezwa Ufaransa mwaka 1905 na Alfred Binet na mwenzake Théodore Simon, na lengo lilikuwa kuwatambua watoto waliohitaji msaada shuleni. Namba za marais unazoziona mtandaoni kwa kawaida ni makisio yaliyotokana na kusoma wasifu wao, au ni uzushi mtupu. Mwaka 2001 ilisambaa "ripoti" iliyompa George W. Bush 91 na Bill Clinton 182. Taasisi iliyodaiwa kuitoa haikuwepo, ila kuna magazeti yaliyoimeza nzima nzima.

Mara chache viongozi wamepimwa kweli, na matokeo hayatii moyo. Wakuu wa utawala wa Hitler walifanyiwa jaribio la IQ gerezani Nuremberg, Ujerumani, walikoshtakiwa baada ya vita. Mmoja wao, Hermann Göring, alipata 138, wakati wastani wa watu wote ni 100.

Ndiyo maana wanahistoria huangalia zaidi maamuzi: kiongozi alikuta hali gani, alijua nini wakati ule, alimsikiliza nani. Chukua marais wawili wa Marekani. Woodrow Wilson ndiye pekee aliyewahi kuwa na shahada ya uzamivu. Mwaka 1919 alirudi na Mkataba wa Versailles, wa amani baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, maseneta wakataka masharti yao yaingizwe, akagoma kulegeza, na mkataba ukakataliwa na Seneti. Harry Truman hakuwa na digrii yoyote. Lakini mpango wa kuijenga upya Ulaya aliupitisha mwaka 1948 katika Bunge lililoshikwa na wapinzani wake, na ukaitwa kwa jina la waziri wake, Marshall, si la kwake. Kuacha sifa ziende kwa mwingine ili kazi ipite, kwangu mimi hiyo ni akili ya uongozi, ingawa hakuna mtihani unaoiuliza.

Kipimo ninachokiamini zaidi ni kile anachofanya kiongozi baada ya kukosea. Aprili 1961 Rais John Kennedy wa Marekani aliruhusu uvamizi wa Ghuba ya Nguruwe huko Cuba, ukafeli ndani ya siku chache. Washauri wake walikuwa wasomi wakubwa, ila waliokuwa na shaka hawakubishana vya kutosha. Oktoba 1962, makombora ya Kisovyeti yalipogunduliwa kisiwani humo, alibadilisha namna ya kikao: aliwaacha washauri wabishane, na mara nyingine hakuingia chumbani kabisa, maana bosi akiwepo watu huanza kusema anachopenda kusikia. Shambulio la anga walilolifikiria mwanzoni likaachwa, meli zikatumwa kuizuia njia ya bahari, na vita vikaepukwa.

Hata hapo, tahadhari. Waliompongeza wakati huo walisifu msimamo wake mkali. Hawakujua kwamba chini chini alikuwa amekubali kuondoa makombora ya Marekani yaliyokuwa Uturuki.