Asidi ikizidi kabla ya kujifungua, damu ya mtoto na mama inagandaje?

Kazi yangu ni magonjwa ya damu, na leba wakinipigia usiku swali huwa lilelile: dokta, mtoto katoka na pH ya damu ya kitovu 6.9, atavuja damu? (pH ni kipimo cha asidi, ikishuka asidi imezidi.) Anaweza, na msingoje karatasi ya maabara ndo mshtuke.

Iko hivi. Mtoto akikosa oksijeni tumboni seli zake zinatengeneza nguvu bila oksijeni, asidi ya laktiki inajaa, pH inashuka, na ikifika chini ya 7.0 kwenye ateri ya kitovu hiyo ni asidi kali. Protini nyingi za kugandisha damu ni vimeng'enya, yaani vichochezi vya kemia ya mwili, zinapenda pH ya 7.4 hivi na zinafanya kazi zikiwa zimeshikana juu ya chembe sahani (vile vichembe vya damu vinavyoziba jeraha) kwa msaada wa kalsiamu, sasa asidi ikizidi hazishikani vizuri. Majaribio ya maabara yalionyesha protini namba 10 ikiwa na mwenzake namba 5 zinapoteza kama asilimia 70 ya kasi pH ikitoka 7.4 kwenda 7.0. Na kichanga hata akiwa mzima kabisa zile protini zinazotegemea vitamini K anazo kama nusu tu ya za mtu mzima! Ongeza ini lililokosa oksijeni, chembe sahani zinazoshuka, na mishipa iliyoumia inayogandisha damu ovyo mpaka akiba inaisha.

Mama je? Asidi ya mtoto yenyewe haimvujishi mama damu, wengi wanachanganya hapa. Kinachowaunganisha ni chanzo. Kondo la nyuma likibanduka mapema mtoto anakosa oksijeni, na wakati huohuo vichochezi vya kugandisha vinamwagika kwenye damu ya mama, fibrinojeni (protini inayofuma bonge la damu) inaliwa, anavuja, mwili unapata baridi, na yeye naye anapanda asidi. Halafu fibrinojeni ya mjamzito huwa gramu 4 mpaka 6 kwa lita, kwa hiyo karatasi ikisema 2 "kawaida" na mama anavuja, mimi siiti kawaida hata kidogo.

Mtego mwingine ni mashine yenyewe ya kupima ugandaji. Sampuli inapashwa hadi nyuzi 37 na kuchanganywa na kemikali zinazorudisha pH sawa, kwa hiyo jibu linakuja zuri huku damu mwilini iko kwenye asidi na baridi. Ndo maana naipenda ile ya kizamani, mililita 2 za damu ya mama kwenye chupa kavu ya kioo, unaishika kwenye kiganja, ikipita dakika 7 haijaganda au bonge linavunjika kirahisi, shida ipo.

Bikaboneti, ile dawa ya kupunguza asidi? Inapandisha namba ya pH lakini fibrinojeni iliyoliwa hairudi, zuia chanzo na rudisha kilichopungua. Na mtoto akiwekwa kwenye kupozwa nyuzi 33.5 kwa saa 72 kulinda ubongo, baridi nayo inapunguza kasi ya ugandaji, kwa hiyo chembe sahani na fibrinojeni zipimwe tena na tena humo ndani ya hizo siku tatu.