Athari ya kutuliza ukali: dawa za wasiwasi kwa wanyama wa maabara

Watafiti wakisema dawa ya wasiwasi imetuliza ukali wa mnyama, wana maana mahususi: ameacha kushambulia ilhali yu macho, anatembea na anakula kama kawaida. Sharti hilo ni muhimu kuliko yote. Mnyama aliyelewa dawa hadi miguu haimbebi naye hamng'ati mtu, lakini huyo hajatulia, amelemewa tu.

Athari hii ilisaidia kuzaliwa kwa benzodiazepini, kundi la dawa za kutuliza wasiwasi. Leo Sternbach, mkemia wa kampuni ya Hoffmann-La Roche nchini Marekani, alitengeneza klodiazepoksaidi miaka ya 1950. Lowell Randall, mtafiti wa dawa wa kampuni hiyo, alipoijaribu kwa wanyama, nyani wakali wakawa wapole kwa dozi ndogo kuliko ile ya kuwalaza. Dawa ikaingia sokoni mwaka 1960 kwa jina la Librium, na diazepamu, yaani Valium, ikafuata 1963. Zote huipa nguvu GABA, kemikali inayopunguza msisimko wa seli za ubongo.

Ingeonekana basi kwamba ukali wa kila namna utapungua. La hasha, na hapa ndipo penye elimu kubwa. Kuna jaribio la mwenyeji na mgeni: panya dume anaachwa azoee kizimba chake, kisha anaingiziwa dume asiyemjua. Huhesabiwa mashambulizi, na muda unaopita kabla ya lile la kwanza. Dozi kubwa ya benzodiazepini hupunguza mashambulizi, ila hulegeza na misuli. Dozi ndogo mara nyingi huyazidisha! Hata panya jike anayenyonyesha huweza kumvamia mgeni kwa ukali zaidi akipewa dozi ndogo.

Maelezo ninayoyaona yana uzito ni kwamba hofu humzuia mshambuliaji pia, ikipunguzwa, anathubutu. Mnyama aliyebanwa pembeni ni habari nyingine: yeye huuma kwa sababu ya hofu yenyewe, kwa hiyo dawa humpoza. Ukali wa kushambulia na ukali wa kujihami visipimwe kwa kipimo kimoja.

Katika miaka ya 1980 watafiti wa kampuni ya Duphar, Uholanzi, walipita njia nyingine, ya serotonini, kemikali nyingine ya ubongo, kwa dawa iitwayo eltoprazini. Panya aliyepewa aliacha kushambulia, lakini aliendelea kumsogelea mgeni na kumnusa.