TSH ya 0.01 si medali

Nimeichoka hii kauli: TSH (homoni kutoka kichwani inayoichochea tezi ya thairoidi, ile ya shingoni) ikishuka kabisa, saratani ya tezi hiyo nayo iko mbali kabisa. Wagonjwa wanaisema, ndugu zao wanaisema, na kinachoniudhi zaidi, madaktari wenzangu wanaiandika kwenye barua za rufaa: "TSH 0.01, anaendelea vizuri." Vizuri kivipi? Amekaa tu kitini na moyo unapiga mara 104 kwa dakika, usingizi hapati, vidole vinatetemeka, na ECG, kipimo cha umeme wa moyo, hakuna aliyemfanyia.

Msingi wake si uongo. Seli nyingi za saratani ya papilari na ya folikula, aina mbili za saratani hii, bado huchochewa na TSH, ndiyo maana baada ya kuondoa tezi tunatoa levothairoksini, homoni ya thairoidi ya vidonge, ya kuibana TSH ishuke. Ila kubana kuna ngazi. Mwongozo wa Chama cha Thairoidi cha Marekani wa 2015 ulizitaja kwa hatari ya saratani kurudi: hatari kubwa, TSH mwanzoni chini ya 0.1, hatari ya kati, 0.1 hadi 0.5, hatari ndogo na tiba imefanya kazi vizuri, 0.5 hadi 2.0. Hiyo ya mwisho imo ndani ya TSH ya kawaida ya mtu mwenye afya!

Sasa tazama kinachotokea. Mtu anaanzishiwa mikrogramu 150 kwa sababu saratani ilifika kwenye tezi za limfu. Miaka inapita, thairoglobulini (protini ya seli za thairoidi tunayoitumia kuwinda mabaki ya saratani) haionekani kwenye damu, ultrasaundi ya shingo ni safi, dozi ni ile ile. Hatari imeshuka, lakini hakuna aliyekaa kuipanga upya. Muda wote huo anaishi na haipathairoidi, yaani homoni ya thairoidi iliyozidi, tuliyompa sisi wenyewe. Homoni ikizidi, mapigo huenda mbio, kuta za ventrikali ya kushoto, chemba ya moyo inayosukuma damu mwilini, hunenepa na moyo hushindwa kulegea vizuri ujae damu. Kwa aliyevuka miaka 60 mambo ni mazito zaidi: chemba za juu za moyo huanza kutetemeka ovyo, damu inaganda humo, na kipande kikipanda kichwani ni kiharusi. Kwa mwanamke aliyekoma hedhi, ongeza na mifupa kudhoofika.

Utafiti wa Uholanzi wa 2013 ulikuta kwamba kila TSH iliposhuka mara kumi, hatari ya kufa kwa magonjwa ya moyo na mishipa ilikuwa karibu mara tatu. Ulikuwa wa kufuatilia watu tu, sio jaribio, kwa hiyo siutumii kama rungu. Na presha, sukari na kitambi navyo vimo: unene wenyewe unahusishwa na kupata saratani hii, hivyo kipi kilitangulia, kwa mgonjwa mmoja aliye mbele yangu, siwezi kukutenganishia. Napima vyote na kutibu vyote. Lehemu (kolesteroli) ipimwe homoni ikiwa imetulia, maana ukisimamishiwa dawa kabla ya tiba ya iodini yenye mionzi, lehemu hiyo lazima ipande.

Mengine haraka haraka. Dawa imezwe tumbo tupu, kalsiamu na madini ya chuma saa nne baadaye. Vidonge vya nywele na kucha vyenye biotini, aina ya vitamini B, vinaweza kuishusha TSH kwenye karatasi tu, mwilini hakuna kilichobadilika. Viache siku kadhaa kabla ya kipimo.

Na usijipunguzie dozi mwenyewe leo usiku baada ya kusoma hapa. Mwenye hatari kubwa bado anahitaji kubanwa. Tukishusha dozi, kipimo cha TSH kinarudiwa baada ya wiki 6 hadi 8. Ukija wiki ijayo nitakurudisha nyumbani: nusu ya dawa ya zamani bado inazunguka mwilini.