Mheshimiwa diwani, fomu ya mali sio mtego

Jamani naomba tuelewane kwenye hii ishu ya fomu za mali na madeni, zile ambazo kiongozi wa umma hapa Tanzania anajaza kusema anamiliki nini na anadaiwa nini, maana kila tukienda kwenye semina za madiwani swali la kwanza ni lile lile, "kwani mkishajua nina ng'ombe 11 mnataka kuwafanya nini?" Watu wanacheka ila muulizaji mwenyewe anakuwa na hofu kabisa.

Sisi tunaosimamia hizi fomu hatutaki ng'ombe wa mtu. Zamani ndo ilikuwa shida, Azimio la Arusha la 1967 lilimkataza kiongozi kuwa na nyumba za kupangisha, hisa, hata mishahara miwili, ile miiko ikaja kulegezwa kule Zanzibar 1991, sasa ukishalegeza lazima uwe na namna nyingine ya kumwangalia kiongozi, ndo ikaja Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma Na. 13 ya 1995. Yani miliki, ila sema unamiliki nini. Diwani yumo, meya yumo, mwenyekiti wa halmashauri naye yumo.

Unajaza ndani ya siku 30 tangu uingie madarakani, afu kila mwisho wa mwaka, afu unapotoka. Mali zako, za mwenzi wako na za watoto wa chini ya miaka 18 ambao hawajaoa wala kuolewa. Inaenda kwa Kamishna wa Maadili. (Kuna waheshimiwa wanaogopa fomu sio kwa sababu yetu, kuna nyumba mama watoto haijui. Hilo mtamalizana wenyewe.)

Ile fomu ya kwanza ndo wengi wanaiharibu. Ni kama kadi ya kliniki, mtoto asipopimwa uzito siku ya kwanza huko mbele utajuaje kaongezeka kilo ngapi? Chukulia diwani kaingia 2020 ana nyumba moja, shamba heka 3 na bodaboda, 2025 anatoka na gesti ya vyumba 20, Fuso mbili na fremu sita pale pale stendi ambako kamati yake ndo ilikuwa inagawa vibanda. Posho za vikao zinajulikana, unapiga hesabu tu. Inawezekana ana maelezo, alikopa benki au alirithi au mpunga ulimlipa, basi kama mkopo aliuandika ana pa kushika, ndo maana nawaambia upande wa madeni msiuruke, huo ndo unaokuja kukuokoa. Asipokuwa na maelezo, TAKUKURU (taasisi ya kupambana na rushwa) wana kifungu cha 27 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa Na. 11 ya 2007, kuwa na mali usiyoweza kuielezea ni kosa lenyewe, na wa kuielezea ni wewe.

Ujanja tunaujua. Kiwanja kiko jina la shemeji, hiyo ya kawaida. Ila wapo wanaojaza mali ambazo HAWANA, anaandika ghorofa hata msingi haujachimbwa, ili akija kulijenga kwa hela ya mkandarasi ionekane alikuwa nalo siku zote! Ndo maana kuna uhakiki, maofisa wanakuja na fomu yako wanataka hati, wanataka ukawaonyeshe hilo jengo lenyewe, sasa utawapeleka porini? Kudanganya makusudi kwenye tamko ni kosa kama ilivyo kutojaza bila sababu ya msingi, na Baraza la Maadili linaweza kukusikiliza hadharani, waliokuwepo ukumbi wa Karimjee, Dar es Salaam, 2015 viongozi walipohojiwa sakata la Escrow wanajua.

Afu kujaza fomu hakukuondolei wajibu wa kusema kwenye kikao. Kama tenda inayojadiliwa ina kampuni ya mdogo wako sema mapema na utoke nje, usikae unachangia hoja huku unakunywa maji.

Deadline ni 31 Disemba na siku hizi mnajaza mtandaoni, kwa hiyo naomba msinipigie usiku wa tarehe 30 kwamba mmesahau nywila.