Nyota zinazotanuka na kusinyaa: tunachokosea

Umeme ukikatika Kigamboni, watu huketi nje na kutazama juu. Ndipo maswali huanza, na mengi hubeba dhana zilezile.

Dhana: Nyota inayometameta ndiyo inayotanuka na kusinyaa.

Sivyo. Kumetameta husababishwa na hewa ya dunia inayotikisa mwanga njiani. Nyota inayotanuka kweli hubadilika polepole. Mwezi Septemba, tafuta Eta Aquilae karibu na Altair, nyota angavu ya kundi la Ukabu. Hung'aa na kufifia kwa mzunguko wa siku 7 na saa 4 hivi. Mwanaastronomia Edward Pigott aligundua badiliko hilo mwaka 1784, nawe unaweza kulifuata bila darubini ukiilinganisha na jirani zake kila usiku.

Dhana: Mapigo yenyewe, yaani kule kutanuka na kusinyaa, ndiyo yanayotuambia nyota imeundwa na nini.

Hili ndilo ninalolieleza mara nyingi kuliko yote. Kazi kubwa ya mapigo ni kutupa umbali. Mwaka 1912 Henrietta Leavitt wa Marekani alionyesha, kwa nyota 25 za Wingu Dogo la Magellan, galaksi ndogo jirani yetu, kwamba sefeidi (nyota inayotanuka na kusinyaa kama Eta Aquilae) yenye mzunguko mrefu zaidi hutoa mwanga mwingi zaidi. Fikiria karabai za wavuvi wa dagaa baharini usiku: ukishajua karabai zote zina nguvu sawa, inayoonekana hafifu ndiyo iliyo mbali. Hesabu mzunguko wa sefeidi na umeijua nguvu ya karabai yake.

Kemia yake husomwa kwingine. Mwanga wa nyota ukitawanywa kama upinde wa mvua, huonekana mistari myeusi, na kila elementi ina mahali pake: chuma pake, oksijeni pake. Unganisha mistari hiyo na umbali, upate ramani ya kemia ya galaksi. Kwangu hakuna kazi nzuri kuliko hii katika elimu ya nyota.

Dhana: Galaksi yetu imechanganyika sawasawa.

Sefeidi zinakataa. Kadiri unavyotoka katikati kuelekea ukingoni, chuma hupungua kwa takriban asilimia 12 kila miaka ya nuru 3,260. Kule ndani gesi ni nyingi, nyota nyingi zaidi zimezaliwa na kufa, na kila kifo huacha elementi mpya kwa zinazofuata. Na kwa kuwa sefeidi ni changa, nyingi zikiwa chini ya miaka milioni 300, hutuonyesha gesi ilivyo siku hizi. Kwa habari za kale huulizwa nyota za RR Lyrae, aina nyingine ya nyota zinazotanuka na kusinyaa, zenye umri unaozidi miaka bilioni 10 na mapigo ya chini ya siku moja.

Dhana: “Metali” ni chuma na shaba tu.

Kwa wanaastronomia, kila elementi isipokuwa hidrojeni na heliamu ni metali, hata oksijeni tunayovuta.