Gari "coachbuilt" ni gari gani hasa?

Ukisoma habari za Rolls-Royce na Bentley za zamani lazima utakutana na hili neno, coachbuilt, na watu wengi wanalichukulia kama njia nyingine tu ya kusema gari la matajiri, au gari lililotengenezwa kwa mkono. Siyo hivyo. Maana yake ni kwamba kiwanda kilichotoa injini na chasisi sicho kilichojenga bodi. Bodi imejengwa na watu wengine kabisa, kwenye karakana yao, mara nyingi kwa oda ya mteja mmoja.

Sisi hata hatupaswi kushangaa maana mabasi yetu ndo yako hivyohivyo. Ukisema Scania Marcopolo umeshataja kampuni mbili hapo, Scania ya Sweden kwenye injini na chasisi, Marcopolo ya Brazili kwenye bodi. Au zile matatu za Kenya za abiria 33, chasisi ni Isuzu ila bodi wamepiga mafundi hukohuko Kenya, ndo maana unaona mbili zimepaki stendi, zote Isuzu, na hazifanani hata taa za nyuma.

Sasa Rolls-Royce kabla ya Vita vya Pili walikuwa wanauza nusu gari. Unalipa hela ndefu halafu unachopata ni chasisi yenye injini, giaboksi, springi, magurudumu na ile rejeta yao maarufu mbele, basi. Milango hakuna, viti hakuna, paa hakuna, na jamaa wa kiwandani walioitoa barabarani kuijaribu walikuwa wanakalia kiti cha muda tu, upepo wote usoni. Kutoka hapo chasisi inapelekwa kwa wajenzi wa bodi, na London walijaa, kina Barker, Hooper, Park Ward, H.J. Mulliner, Thrupp & Maberly, mnakaa mnachora, unasema mimi nataka paa liwe juu mzee asivue kofia, mke wangu anataka viti vya kitambaa siyo ngozi, na wao wanajenga.

Hiyo "coach" kwenye jina ni lile gari la kukokotwa na farasi. Barker walikuwa kwenye biashara hiyo tangu mwaka 1710, yaani karibu miaka mia mbili kabla ya gari la injini kuwa kitu cha kawaida, kwa hiyo magari yalipokuja wao walihamisha ufundi uleule, farasi katoka injini imeingia. Hata hii dashibodi tunayoitaja kila siku asili yake ni ubao uliokuwa mbele ya gari la farasi kuzuia matope yanayorushwa na kwato. Na kulikuwa na mtindo wa bodi unaitwa Sedanca de Ville ambao bosi anakaa nyuma kwenye kijumba chake chenye paa na vioo, dereva yuko mbele juu wazi. Kuna paa dogo la kumfunika, sawa, lakini mwonekano wenyewe ulitaka liondolewe! Ni gari zuri sana kuliangalia ukiwa siyo wewe dereva.

Kazi yenyewe inaanza na mbao. Wanaunda kwanza mifupa ya gari kwa mbao, hasa ya mti wa ash kwa sababu ni ngumu halafu inavumilia kupindwa na mitikisiko, kisha juu yake ndo linakuja bati, mara nyingi alumini. Bati linapitishwa katikati ya magurudumu mawili ya chuma, mbele nyuma, mbele nyuma, mpaka taratibu linaanza kubonyea na kupata ule mviringo wa madigadi. Shida yake inakuja baada ya miaka, maana nje unaona rangi inang'aa, kumbe ndani maji yameingia mbao imeoza, unafungua mlango unashuka kidogo na kugoma kurudi mahali pake. Hapo unatafuta fundi seremala kwanza ndo uje utafute makanika.

Kitu kingine kinachochanganya watu ni kwamba chasisi ilidumu kuliko bodi. Bodi ikichakaa au fasheni ikipita, mwenye gari anaitoa anaweka nyingine, kwa hiyo limousine ya mwaka 1926 unaweza kuikuta leo ni gari la wazi la kutembelea, na namba ya chasisi ni ileile. Ndo maana wanunuzi makini hawaishii kuuliza ni Rolls-Royce ya mwaka gani, wanauliza bodi ni ya nani na je ndiyo iliyotoka nayo. Tofauti ya bei hapo siyo ya kitoto. Hata ile Rolls-Royce maarufu ya Silver Ghost, jina hilo mwanzo lilikuwa la gari moja tu la mwaka 1907 lenye bodi ya Barker iliyopakwa rangi ya fedha, modeli yenyewe iliitwa 40/50.

Mambo yalianza kubadilika mwaka 1946 Bentley Mark VI ilipotoka na bodi ya chuma tayari kutoka kiwandani. Oda maalum ziliendelea, mfano Rolls-Royce Phantom IV ambazo zilijengwa 18 tu, karibu zote kwa wafalme na wakuu wa nchi, ya kwanza ikaenda kwa Princess Elizabeth wa Uingereza mwaka 1950. Ila Rolls-Royce Silver Shadow ya mwaka 1965 ndo iliyokaribia kumaliza mchezo, maana bodi na chasisi vilikuwa kitu kimoja, sasa fundi wa bodi ajenge juu ya nini?

Ukibahatika kusimama karibu na moja ya hizi za zamani usiishie kwenye rejeta na kile kisanamu cha mbele. Mwambie mwenyewe afungue mlango, angalia chini pale unapokanyaga kuingia, mara nyingi kuna kibati kidogo kimesuguliwa na viatu vya miaka yote hiyo. Jina lililoandikwa pale ndo la waliojenga bodi.