Homa kali: damu ioteshwe kabla ya antibiotiki

Wiki ya dunia ya uhamasishaji kuhusu usugu wa vimelea dhidi ya dawa, Novemba 18 hadi 24, hutuletea malalamiko yale yale dirishani kwetu maabara hapa Mbeya: "Mgonjwa kachomwa sindano, bakteria wamekufa, mbona bado anatetemeka na presha inashuka?"

Swali ni la haki. Bakteria kama E. coli na yule wa homa ya matumbo wana endotoksini kwenye ganda lao la nje. Bakteria hao wakipasuka, endotoksini, ambayo ni sumu, humwagika ndani ya damu. Sumu hiyo huumiza zaidi kwa namna seli zetu za kinga zinavyoipokea. Protini ya LBP, itokayo kwenye ini, huiokota na kuikabidhi kwa kipokezi cha CD14. Kipokezi hiki kipo juu ya monositi (aina ya seli nyeupe za kinga), na kipo pia kinachoelea kwenye damu, mikrogramu chache kwa kila mililita hata kwa mtu mwenye afya. Hicho kinachoelea huipeleka sumu mpaka kwenye seli za kuta za mishipa, ambazo zenyewe hazina CD14 ya kutosha. Zikishtuka, mishipa hulegea na kuvuja, presha inashuka. Lakini hicho hicho huisogeza endotoksini kwenye chembe za mafuta za HDL, na huko seli haziioni tena. Kwa hiyo CD14 inayoelea huchochea na pia hupoza, kutegemea wingi wake na wa sumu.

Wapo wanaodai, "basi shusheni kinga." Ndugu zangu, lilijaribiwa. Mwaka 1996 yalitangazwa matokeo ya wagonjwa 141 wenye mshtuko wa maambukizi (presha kushuka kwa sababu ya maambukizi) waliogawanywa kupewa kipokezi kinachoelea cha kunasa TNF, protini inayochochea kinga, au dawa bandia. Kwa dawa bandia walifariki asilimia 30. Kwa dozi kubwa kabisa, asilimia 53. Kinga haichezewi kwa kukisia.

Wala si kila homa ni "taifodi" au "UTI sugu". Kumeza vidonge vilivyobaki vya jirani kisha kuja kuotesha damu (kuiweka kwenye chupa maalumu tuone kama bakteria wataota) ni kutufunga macho: bakteria wanaweza wasiote kabisa, majibu yakasoma hakuna kitu.

Utaratibu wetu ni huu. Damu hutolewa kabla ya dozi ya kwanza, ngozi ikiwa imesafishwa na kuachwa ikauke. Mtu mzima hutolewa mililita 8 hadi 10 kwa kila chupa, mara mbili, sehemu mbili tofauti za mwili. Mtoto hupungua kulingana na uzito. Jina, saa na sehemu ilipotolewa viandikwe kwenye chupa yenyewe, siyo kwenye karatasi pekee. Chupa isiyo na jina hukataliwa na mgonjwa huchomwa upya, hata ndugu wakilalamika. Chupa hukaa kwenye joto la nyuzi 35 hadi 37 kwa siku hadi 5. Mgonjwa mahututi hasubiri siku hizo: damu ikishatolewa, dawa inaanza hapo hapo.

Aliyekwisha kumeza dawa aje na pakiti yake, hata ikiwa tupu, amwoneshe daktari.